Mmeniambia Niache, Hamkuniambia Nitaachaje
Safu ya Maswali na Majibu ya Afya

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji wanaofanya kazi katika hospitali, vituo vya afya na zahanati, pamoja na wale waliowahi kulazwa wakiwa wavutaji, waniandikie yale wanayokutana nayo kuhusu sigara na vepu, yaani sigara za kielektroniki. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, hivyo nimechagua tano na kuzifupisha bila kubadilisha maana. Barua mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu, kwa kuwa ndimo lilimo tatizo lenyewe.

Swali: Wanatoroka usiku kwenda kuvuta

Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi katika wodi ya upasuaji ya wanaume, mkoani Mwanza. Karibu kila zamu ya usiku yupo mgonjwa anayetoroka kwenda kuvuta nyuma ya jengo la kufulia, na wengine huenda huku wakiburuta stendi ya dripu. Tukiwakuta tunawagombeza, wananyamaza, kesho yake wanarudia. Juzi mmoja mwenye kidonda cha mguu aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani kabla ya wakati, nami naamini alikuwa anakimbilia sigara. Tufanye nini zaidi ya kugomba?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hao unaowaita watoro wamo kwenye arosto. Nikotini hupungua kwa nusu katika damu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo mtu aliyezoea pakiti nzima kwa siku, akilazwa asubuhi, ifikapo usiku mwili wake umebakiwa na kiasi kidogo mno cha kitu ambacho ubongo umekizoea kwa miaka mingi. Hapo huanza hasira, wasiwasi, kukosa usingizi na kushindwa kutulia. Siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, ingawa hali hiyo huweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne. Nimewahi kuona mgonjwa wa namna hiyo akiandikiwa dawa ya usingizi, na mwingine akiandikwa katika faili kwamba amechanganyikiwa, ilhali hakuna aliyemuuliza mara ya mwisho alivuta lini.

Nilipokuwa daktari kijana, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulikuwa na mvuvi mzee aliyelazwa kwa kidonda cha kidole gumba cha mguu kilichokuwa kimeanza kuwa cheusi. Siku moja, nilipomwinulia mto ili muuguzi abadilishe foronya, zilianguka sigara mbili zilizoviringishwa katika kipande cha gazeti, pamoja na njiti tatu za kiberiti na ubavu wa kiberiti uliochanwa. Nikaanza kumhutubia mbele ya wodi nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, tangu nifike hapa mmeniambia niache mara saba. Hamkuniambia nitaachaje." Nilisimama pale nimeshika zile njiti, sina la kumjibu, kwa sababu katika miaka yote ya masomo hakuna aliyenifundisha jibu hilo, wala mimi sikuwahi kulitafuta.

Jibu nililopaswa kumpa mzee yule ndilo ninalokupa wewe. Siku ya kwanza ya kulazwa, unapoandika mizio ya dawa na magonjwa ya zamani, andika pia kama mgonjwa anatumia tumbaku, ya aina gani, na anachukua muda gani baada ya kuamka kabla ya kuvuta ya kwanza. Anayewasha ndani ya nusu saa ya kwanza ana uraibu mzito, naye ndiye utakayemkuta nyuma ya jengo la kufulia usiku. Itaje tumbaku kwa majina yake yote: sigara, kiko, shisha, vepu, ugoro, kuberi. Mama wa makamo anayeweka ugoro mdomoni atakujibu kwa moyo safi kwamba yeye "havuti", na utakuwa umempoteza kwa neno moja.

Baada ya hapo, mpe nikotini ya tiba siku hiyo hiyo, hata kama hajaamua kuacha moja kwa moja, kwa sababu lengo la kwanza ni kumtoa kwenye arosto ili atulie kitandani na matibabu yaendelee. Mgonjwa anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya miligramu 21, ambayo hubandikwa asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele, na kesho yake hubandikwa mahali pengine ili ngozi isiwashe. Akilalamika kwamba anaota ndoto za kutisha, aibandue kabla ya kulala. Kwa kuwa plasta hutoa nikotini polepole, haizimi ile kiu inayokuja ghafla baada ya chakula au baada ya simu ya nyumbani, na ndiyo maana huongezewa chingamu ya nikotini. Viwili hivyo pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake.

Chingamu hiyo ndiyo wengi huikosea, kisha wakasema haifai. Mgonjwa huitafuna mfululizo kama chingamu ya dukani, anaimeza nikotini yote na mate, anapata kwikwi na kichefuchefu, anaitema. Mfundishe aitafune polepole mpaka asikie ladha kama ya pilipili, kisha aisukume kati ya shavu na ufizi na kuiacha hapo. Ladha ikififia aitafune tena kidogo, na kuendelea hivyo kwa muda wa nusu saa. Asinywe kahawa, soda wala maji ya matunda katika dakika kumi na tano kabla ya kuitumia, wala wakati anaitumia, kwa sababu uchachu wake huzuia nikotini kupenya mdomoni. Mvutaji wa nusu saa ya kwanza hupewa ya miligramu 4, wengine ya miligramu 2.

Kuhusu kidonda, mweleze mgonjwa jambo analoweza kuliona kwa macho ya akili. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Gesi hiyo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu na kukalia nafasi ya oksijeni, huku mishipa midogo ikisinyaa, na kidonda kinabaki na njaa ya hewa hata kikisafishwa mara ngapi. Habari njema ni kwamba nusu ya gesi hiyo hutoka katika damu kwa saa chache tu, kwa hiyo hata siku moja ya kutovuta kabla ya kuingia chumba cha upasuaji ina faida. Faida kubwa zaidi hupatikana kwa yule aliyeacha wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji; kwa sababu hiyo, kwa upasuaji uliopangwa, mazungumzo haya yangefaa kuanza kliniki siku ile anapopewa tarehe. Wapo wenzetu wanaoamini kwamba kuacha siku chache tu kabla ya upasuaji kunaharibu mapafu. Utafiti haujathibitisha hofu hiyo, nami nawasihi waiache.

Swali: Nina dakika tatu, na sina dawa

Salamu Daktari. Nafanya kazi katika kliniki ya kifua kikuu, kaunti ya Kilifi. Wagonjwa ni wengi, foleni inafika hadi kwenye mwembe wa uani, na kila mmoja nina dakika chache tu za kumhudumia. Wengi wa wanaume wanavuta. Kliniki yetu haina plasta wala chingamu. Je, kuna maana yoyote ya kuzungumza nao?

Jibu

Maana ipo kubwa, na kliniki yako ina utajiri ambao wodi ya Mwanza haina: mgonjwa wako anarudi. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, miwili ya mwanzo na minne ya kuendelea, na katika muda huo wote mtu yule yule anakuja mbele yako tena na tena. Mvutaji ana hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu, ya kurudiwa nacho baada ya kupona, na ya kufa kwacho. Hivyo unapozungumzia sigara hujatoka nje ya kazi yako hata hatua moja.

Dakika tatu zinatosha. Tarehe 2 Julai 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, na mojawapo ya mapendekezo yake ni kwamba kila mhudumu wa afya atoe ushauri mfupi, wa kati ya sekunde 30 na dakika 3, kama sehemu ya kawaida ya huduma. Shirika hilo lilieleza wakati huo kwamba duniani wapo watumiaji wa tumbaku wapatao bilioni 1.25, kwamba zaidi ya asilimia 60 kati yao wanataka kuacha, na kwamba asilimia 70 hawafikiwi na huduma yenye kufaa. Nazirudia takwimu hizi kwa sababu mhudumu anapoamini kwamba wavutaji hawataki kuacha, hukata tamaa kabla hajauliza.

Siku ya kwanza, baada ya kumweleza vidonge vyake, mwambie kwa sauti ya kawaida, na asiwepo ndugu wa kusikiliza: "Njia bora ya kuacha ni kupata msaada pamoja na dawa, na msaada tutakupa hapa. Ungependa tuanze lini?" Usimpe hotuba ya saratani, amekwisha kuisikia, na picha ameziona kwenye pakiti. Akikubali, mwachie yeye achague tarehe ndani ya wiki mbili zijazo, uiandike kwenye kadi yake mbele ya macho yake, karibu kabisa na tarehe ya kuchukua dawa. Akikataa, mjibu kwamba utamuuliza tena, kisha umuulize tena kweli. Ziara inayofuata, swali lako liwe juu ya siku iliyomshinda: alikuwa wapi, na nani, mkononi ana nini. Utasikia kwamba ilikuwa mnazini jioni, au kwenye kijiwe cha bodaboda ambako sigara huuzwa moja moja, japokuwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza uuzaji huo. Hapo ndipo penye kazi: mpange pamoja atapita njia ipi, au atashika nini mkononi kwa ile dakika tano ambayo kiu huwa kali. Mara nyingi kiu hupanda, hukaa dakika chache na kushuka yenyewe, na mtu aliyeambiwa hivyo mapema huistahimili vizuri zaidi kuliko yule anayedhani itakaa siku nzima.

Ama kuhusu dawa, usikubali kwamba "hakuna" ni jibu la mwisho. Plasta na chingamu za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na vidonge vya kusaidia kuacha, vareniklini na bupropioni, viliingizwa mwaka 2021. Iko pia sitisini, inayotokana na mbegu za mti wa jamii ya kunde, ambayo Bulgaria imekuwa ikiitumia tangu miaka ya 1960. Kenya iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007, na kifungu cha 14 cha mkataba huo kinazitaka nchi ziweke huduma za kuwasaidia watu kuacha. Andika idadi ya wavutaji uliowaona mwezi huu na waliokubali kuacha, uipeleke kwa mfamasia na kwa kamati ya dawa ya hospitali yako. Dawa isiyoombwa kwa maandishi haiagizwi. Wakati unasubiri, mgonjwa anaweza kupiga bure namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na kupata ushauri.

Tahadhari moja kwa kliniki yako: rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya bupropioni mwilini, na bupropioni haifai kabisa kwa mwenye kifafa. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu ningeanza na nikotini ya tiba, au vareniklini ikipatikana. Vareniklini huanzwa kwa dozi ndogo wiki moja kabla ya tarehe ya kuacha, hupandishwa hatua kwa hatua na kuendelea kwa wiki kumi na mbili. Kwa mwenye figo dhaifu dozi hupunguzwa.

Swali: Mwanangu na vepu

Daktari, mimi ni mama wa Dar es Salaam. Kijana wangu wa miaka kumi na tisa alianza kukohoa, nikampeleka hospitali. Mfukoni mwake kukakutwa kidude chenye harufu ya embe, ambacho mwanzo nilidhani ni kalamu ya kuangazia maandishi. Mtabibu alicheka, akasema bora hicho kuliko sigara, tukapewa dawa ya kikohozi. Sasa kijana anaamka usiku kukivuta. Nifanye nini?

Jibu

Pole sana, mama. Maneno yale yalikuwa na chembe ya ukweli iliyotumika mahali pasipofaa. Kwa mtu mzima aliyevuta pakiti kwa miaka ishirini, kuhamia vepu na kuacha sigara kabisa kunamwepusha na sumu nyingi za moshi. Kijana wako hakuwa mvutaji. Kwake vepu ni mlango wa uraibu, na kuamka usiku ili kuvuta ni dalili kwamba uraibu huo umekomaa. Kile kinachotoka si mvuke wa maji mtupu: vepu nyingi za kisasa hutumia chumvi za nikotini, ambazo hazikwaruzi koo, kwa hiyo mtu huvuta kiasi kikubwa bila mwili kumwonya, na kwa kuwa kidude hakina kipisi cha kuzima, hakuna mahali pa kusema "nimemaliza moja". Uganda ilipiga marufuku vifaa hivi katika sheria yake ya mwaka 2015.

Mrudishe hospitali, na safari hii mwombe mtabibu aandike vepu kwenye faili kama anavyoandika ugonjwa wowote. Aulize kidude ni cha aina gani, nguvu ya nikotini iliyoandikwa ni ngapi, kinamalizika kwa siku ngapi, na kama amewahi kutia mafuta ya bangi. Swali hili la mwisho aulizwe akiwa peke yake, mama, uniwie radhi. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa maradhi makali ya mapafu kwa watu waliotumia vepu, na hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 2,800 waliolazwa au kufa, na vifo 68. Sehemu kubwa ya kesi hizo ilihusishwa na mafuta ya bangi yaliyochanganywa na asetati ya vitamini E. Kikohozi chenye kubanwa na pumzi, homa au maumivu ya kifua kisisubiri.

Matibabu yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwahusisha vijana 261 wa Marekani wenye umri wa miaka 16 hadi 25 waliotumia vepu na hawakuwa wavutaji wa sigara. Makundi mawili kati ya matatu yalipata ushauri nasaha. Moja kati ya hayo mawili lilipewa vareniklini na jingine kidonge kisicho na dawa. Katika wiki nne za mwisho za matibabu, asilimia 51 ya waliopewa vareniklini walikuwa hawavuti kabisa, dhidi ya asilimia 14 ya wale wa kidonge kitupu. Kwa hiyo kijana wa miaka kumi na tisa ana haki ya kumuuliza daktari kuhusu dawa hiyo. Nyumbani, msimpekue kila jioni. Chagueni pamoja siku, na siku hiyo akitupe kidude chenyewe kwa mkono wake.

Swali: Kaka yangu aliacha sigara, akazidiwa na dawa

Kaka yangu anatumia klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili. Alipolazwa hospitali aliacha sigara, na baada ya siku kadhaa akawa analala kutwa, mate yakimtoka. Kuna uhusiano?

Jibu

Uhusiano upo, na kila wodi ya magonjwa ya akili inapaswa kuujua. Lami iliyomo katika moshi huchochea ini kuvunja baadhi ya dawa kwa kasi, hivyo mvutaji hupewa dozi kubwa ili imtoshe. Akiacha, ini hurudi mwendo wake wa kawaida katika siku chache na dozi ile ile inakuwa nyingi mno. Hali ni hiyo kwa klozapini, olanzapini, na aminofilini wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa pumu. Anayefanya hivyo ni moshi, wala si nikotini. Kwa hiyo plasta haizuii jambo hili. Mrudisheni kwa daktari wake leo ili dozi ipimwe na kupunguzwa, na asirudi kwenye sigara wala asiache klozapini kwa uamuzi wake. Hata kafeini huathirika vivyo hivyo: anayeacha sigara na kuendelea na vikombe vyake vyote vya kahawa barazani atatetemeka na kukosa usingizi, akidhani ni arosto. Apunguze vikombe kwa nusu.

Swali: Mimi mwenyewe navuta

Daktari, nafanya kazi ya uuguzi Unguja, na navuta sigara nane kwa siku kwa siri. Mgonjwa akinukia moshi nakaa kimya, kwa kuwa naona sina mdomo wa kumshauri. Nina miaka arobaini na mbili.

Jibu

Mdomo unao, ndugu yangu. Ushahidi mkubwa wa faida ya kuacha ulitoka kwa watu wa kazi yetu hii hii: kuanzia mwaka 1951, watafiti wa Uingereza waliwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 kwa miaka hamsini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba aliyeacha akiwa na umri wa miaka 30 alijipatia takriban miaka kumi ya uhai, wa 40 miaka tisa, wa 50 miaka sita, na wa 60 miaka mitatu. Kwa umri wako, sehemu kubwa ya kile kilichochukuliwa na sigara bado inarudishika.

Sigara nane kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya miligramu 14, na chingamu ya miligramu 2 kwa ile saa ya chai ya kazini. Mweleze mwenzako mmoja wa zamu, yule unayemwamini, ili siku ya tatu ukianza kugombana na kila mtu ajue sababu. Ukiteleza ukavuta moja, usiibandue plasta. Endelea nayo na uhesabu siku inayofuata. Na yule mgonjwa anayenukia moshi usimpitie kimya tena. Vuta kiti, kaa, umuulize: "Ya kwanza unaivuta saa ngapi ukiamka?" Ukitaka umwambie kwamba na wewe ya kwako ilikuwa kabla ya chai, mwambie.